Sauti Safi Haihitaji Laki Moja

Kijana wa Litein au Bomet anayerekodi nyimbo za Kikipsigis kwa kompyuta hufika wakati anapohitaji kile kisanduku cha mezani chenye kazi mbili: DAC, inayogeuza namba za faili kuwa umeme wa sauti, na amplifaya ya kusukuma hedifoni. Akiuliza ushauri, anarudishiwa maneno ya kumtisha. Nitayajibu hapa, kwa sababu pesa anayotaka kutoa mara nyingi ni ya majani chai ya nyumbani kwao.

Wanasema kisanduku cha shilingi elfu kumi na tano hakiwezi kuwa safi kama cha laki. Maneno hayo yamepitwa na wakati. Mwaka 2011 mhandisi aliyejiita NwAvGuy alitoa hadharani mchoro wa amplifaya ya O2 pamoja na vipimo vyake, akaonyesha kwamba vipuri vya kawaida vinatosha kushusha kelele na makosa ya sauti hadi sikio lisiyasikie. Leo visanduku vingi vya bei nafuu vimefika hapo.

"Lakini nimevisikiliza vyote viwili, na cha laki kinashinda." Hili ndilo dai zito, kwa kuwa anayelisema kweli alisikia tofauti. Swali ni tofauti ya nini. Sauti iliyopanda kwa desibeli moja tu haionekani kuwa kubwa zaidi, inaonekana kuwa tamu zaidi. Katika chumba cha kuonjea chai, vikombe hupangwa mstari mmoja, na kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kinataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6. Hakuna mwonjaji wa Kericho atakayekubali kulinganisha kikombe cha dakika 3 na cha dakika 6. Kwa nini tukubali hivyo kwenye sauti?

Fanya hivi. Cheza mlio mmoja wa hezi 100, hedifoni ikiwa imechomekwa, kisha upime voti za AC kwa multimita inayosoma voti ndogo. Kama kimoja kinatoa voti 0.300, rekebisha cha pili kifike hapo hapo. Tofauti isizidi asilimia 1. Halafu mdogo wako abadilishe vifaa bila wewe kuona, mara 16, na uandike kila jibu kabla hajakwambia. Anayebahatisha hupata karibu 8. Kupata 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 katika 100, kwa hiyo ukifika hapo nitakuamini. Na ufanye kazi hiyo asubuhi: mvua ya alasiri ikishaanza kupiga mabati, hakuna cha kusikiliza.

Kuna wanaodai kwamba bila faili za biti 24 na kilohezi 192 unapoteza muziki. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za kiwango cha juu na zile zile zikipitishwa kwenye kiwango cha CD, biti 16 na kilohezi 44.1. Walipatia mara 276 kati ya 554, yaani nusu kwa nusu. Tena hapa kwetu, "Chemirocha", wimbo wa Kikipsigis aliourekodi mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Kapkatet mwaka 1950, una kelele ya mashine ya wakati ule. Namba kubwa haziiondoi, na wimbo bado unagusa moyo.

Na wanaosema amplifaya lazima iwe na wati nyingi? Hedifoni inayotoa desibeli 100 kwa miliwati 1 inafika 110 kwa miliwati 10. Wati nzima ingeifikisha 130, na hapo masikio yanaumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki.

Kuhusu kuacha kisanduku kipya kiwake saa mia mbili ili "kifunguke": hakuna kipimo kinachounga mkono jambo hilo. Kinachozoea ni sikio lako.

Wanaolalamikia umeme, hao wana haki. Chaja ya kompyuta isiyo na waya wa ardhi inaweza kuleta mvumo kwenye hedifoni. Ichomoe, usikilize kwa betri, na mvumo ukitoweka umempata mhalifu bila kununua kitu. Na nchi hii ya chai ina radi nyingi: mawingu yakijikusanya, chomoa kisanduku ukutani.

Dukani uliza kitu kimoja: ukinzani wa tundu la hedifoni ni omu ngapi? Usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, usizidi 4. Pesa inayobaki iweke kwenye hedifoni yenyewe, maana tofauti kati ya hedifoni na hedifoni kila mtu anaisikia.