Mbwa Hana Kinyongo, Ana Sababu

Katika nyumba nyingi za mijini, mbwa hushinda bandani na kufunguliwa usiku alinde. Anayemfahamu vizuri mara nyingi ni mlinzi, au dada anayempelekea chakula, wala si mwenye nyumba. Ndiyo maana mwenye nyumba akiona mambo asiyoyaelewa husema mbwa ana kiburi, au amemchoka. Madai ya namna hiyo ni mengi, na mengi hayasimami.

“Anatikisa mkia, basi amefurahi.” Si lazima. Mkia unaotikisika huonyesha kwamba mbwa amechangamka. Amechangamshwa na nini, utazame mwili mzima. Mkia mlegevu unaoyumba pamoja na kiuno ni furaha. Uliosimama wima na kukakamaa, ukitetema kwa haraka, ni onyo. Ulioshushwa, ukitikisika ncha tu, ni wa mbwa anayeomba amani. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Quaranta, Siniscalchi na Vallortigara, walionyesha kwamba mbwa akimwona mmiliki wake, mkia huelemea zaidi kulia. Akikabiliwa na mbwa mgeni mbabe, huelemea kushoto.

“Anajua kosa lake, mwangalie anavyoona aibu.” Umerudi, kiatu kimetafunwa, naye amelaza masikio, amefyata mkia na kutazama pembeni. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alilipima jambo hili kwa mbwa 14. Walikatazwa kula kipande cha chakula, kisha wamiliki wao wakatoka nje. Waliporudi, mara nyingine waliambiwa mbwa amekula ilhali hakugusa. Sura ile ya “majuto” ilionekana zaidi mbwa alipokaripiwa, awe amekula au hakula. Anachokionyesha ni woga wa sauti yako.

“Nikimsogelea anakojoa, hiyo ni dharau.” Ni kinyume chake. Gari linaingia getini, mbwa anakuja amejikunyata, tumbo karibu liguse chini, na matone yanamtoka: anakusihi usimdhuru. Ukimfokea, kesho atakojoa zaidi. Lakini mbwa mzima akianza ghafla kukojoa ovyo, apelekwe kwa daktari wa mifugo. Huenda ni maradhi ya kibofu.

“Amesusa chakula, amenuna.” Kabla ya kumsingizia kununa, mtafute kupe masikioni na katikati ya vidole, kisha umfunue mdomo utazame fizi. Homa zinazoletwa na kupe humfanya mbwa apoe, akatae kula na fizi zipauke. Huyo anahitaji matibabu, na mapema.

“Anamngurumia mwenyewe! Apigwe ajue nani mkubwa.” Dai hili lilipata nguvu kutokana na uchunguzi wa mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa familia moja, wakawa wanagombania ukubwa. David Mech, mtaalamu wa Marekani ambaye kitabu chake cha 1970 kiliieneza dhana hiyo, aliikosoa mwenyewe baadaye: porini, kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni wazazi na watoto wao. Kunguruma ni tahadhari. Mbwa aliyepigwa mpaka akaacha kunguruma bado ana hofu ileile, ila siku nyingine atauma bila kutangaza. Na kabla ya kunguruma huwa ameshasema mengi. Mtoto akimkumbatia shingoni, utamwona akigeuza kichwa, akijilamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho ukijitokeza. Mtoe mtoto hapo hapo. Na mbwa aliyekuwa mpole akibadilika ghafla bila sababu, hasa kama hajachanjwa, usimkaribie. Huenda ni kichaa cha mbwa. Ita daktari wa mifugo.

“Akishakuchukia, hakuna la kufanya.” Lipo. Mpe chakula mwenyewe, kwa saa ileile. Mtoe matembezini. Mnyororo wa kutwa nzima haumfanyi mlinzi bora, unamfanya mwoga mwenye meno. Ukimwita, simama kiubavu, usimwinamie kichwani, umwache aje mwenyewe. Mkune kifuani kidogo, kisha uondoe mkono. Akikusukuma kwa pua ili uendelee, mambo ni mazuri. Akiondoka, mwache aende, ujaribu tena kesho.