Tetroni Si Hariri

Nalialikwa karibuni kwenye nikahi ya kijana mmoja huko Mwakirunge, Kisauni ya ndani. Sisi wa mjini aghalabu twaijua Mwakirunge kwa jaa lake tu, ambako taka za Mombasa humwagwa. Lakini Mwakirunge ina wenyewe, na wenyewe wana mashamba yao, misikiti yao na harusi zao.

Nilipofika nalikuta watu barazani wamenyamaza. Bwana harusi amekaa na fulana na kikoi, kanzu yake imetundikwa msumarini, na babu yake, mzee aliyekwisha pita miaka 80, ameshika bakora. Kanzu ilikuwa nyeupe kama maziwa, laini, ikimeremeta. Mwenye duka mjini, nami simtaji, alimwambia kijana kuwa ni hariri safi, na bei ya hariri akamtoza. Kijana naye akajivuna nayo nyumbani, na neno likamfikia mzee. “Hariri haivaliwi na mwanamume,” akasema, “na mimi sendi kwenye nikahi kumtazama mjukuu wangu amevaa haramu.”

Mzee hakukosea. Kila aliyekalia mkeka wa chuoni anajua kuwa Mtume (s.a.w.) aliwakataza wanaume hariri, isipokuwa kiasi cha vidole viwili, vitatu au vinne, na kwamba aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam kwa sababu ya upele uliowawasha. Ukivunja sheria hiyo kwa ajili ya picha za harusi, umeuza ghali kwa rahisi.

“Maalim, wewe umesoma, sema,” wakaniambia.

“Babu, niwie radhi. Nipe kiberiti.”

Nikavuta uzi mmoja penye upindo wa ndani, nikauwasha. Hariri ya kweli, itokayo kwa mdudu, ikiungua hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika kwa vidole. Uzi ule ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kishanga kigumu. Mzee akakibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akakisugua, hakikusagika.

“Hii plastiki,” akasema.

“Naam, babu. Hii ni tetroni.”

Akacheka, kwani neno hilo alilijua. Vijana waliokuwapo hawakulijua. Nami hapo ndipo nilipoona kuwa ugomvi wote ule wa asubuhi umeletwa na neno moja lililosahauliwa.

Sisi tuliosoma chuoni mwishoni mwa miaka ya 1970, kanzu ya tetroni ndiyo iliyokuwa kanzu ya Idi. Mama aliifua usiku, asubuhi imekauka, na pasi haikuwa na kazi kubwa. Aibu yake ilikuwa kaskazi. Ukitoka jasho yakugandama mgongoni, na khutba ikirefuka watamani kuivua. Lakini hapana mtu aliyeiita hariri. Fundi alisema tetroni, mama alisema tetroni, na bei ilikuwa ya tetroni.

Neno lenyewe lina nasaba. Uzi huu, ambao asili yake ni mafuta yachimbwayo ardhini, uligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson. Mwaka 1957 kampuni mbili za Japani, Toray na Teijin, zilinunua ruhusa ya kuutengeneza, na mwaka uliofuata zikaanza kuuza nguo zake kwa jina la Tetoron. Likaja kwetu, Kiswahili kikalipa irabu mwishoni, likatulia. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 haikuweza kuwa nalo, kwa kuwa kitu chenyewe kilikuwa hakijazaliwa. Si ajabu jina la bidhaa kuwa jina la kitambaa. Wazee wetu waliipokea pamba nzito iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem katika karne ya 19, wakaiita marekani, na mambo yakesha.

Pwani yetu haikuwa na uvivu wa majina ya nguo. Bafta ilijulikana, na kaniki, na melimeli, na doria. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa mavazi, naye akayaeleza moja moja: shuka ya khazz, vazi la kitani cha Misri, joho la Kudsi, kilemba cha Misri. Alikuwa kadhi yule, si mshona nguo, na kadhi hana budi kujua khazz ni nini, maana wanalugha wengi wasema ni hariri iliyofumwa pamoja na sufi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kitambaa kilichochanganywa hupimwa kwa uzito, hariri ikizidi ni haramu kwa mwanamume, ikipungua si haramu. Sasa utapimaje ikiwa kila kinachong'aa wakiita hariri? (Hata sisi wa magazeti tumo katika neno hili, kwani mhariri hutoka katika herufi zile zile za Kiarabu, ingawa sijamwona aliyevaa hariri.)

Wanazuoni wengi wa zama hizi wasema hariri ya kiwandani haimo katika katazo, kwa kuwa hukumu huifuata dhati ya kitu, si jina alilokipa mwenye duka. Wako wasemao ni bora kujiepusha nayo, maana akuonaye kwa mbali hajui. Hayo nawaachia wao. Langu mimi ni la lugha: fundi na mwenye duka walirudishe neno tetroni ulimini, na mnunuzi aliulize kabla hajatoa kibeti.

Kijana akavaa kanzu yake, na mzee akatangulia mbele kuelekea msikitini. Tulikuwa twavaa viatu mama wa bibi harusi alipotoka ndani na shela mkononi, ya rangi ya zabibu, aliyonunua duka lile lile. Wanawake hariri ni halali yao, kwa hiyo hapana aliyeiuliza habari. Akanyosha mkono.

“Maalim, nipe hicho kiberiti. Na mimi pia nalilipa bei ya hariri.”