Wapangaji Katika Timu Yetu Wenyewe

Kuna uongo mmoja uliozoeleka katika mpira wa Kenya hadi siku hizi unasemwa kama methali: eti Mkenya hapendi mpira wake. Utausikia redioni, utausikia ndani ya matatu za Thika Road, na utausikia kwa viongozi wa klabu kila mara pesa zikiisha. Geti halileti kitu, wanasema, kwa sababu vijana wamezama kwenye Arsenal na Man U. Mimi ni shabiki wa mpira kutoka Kiandutu, na nimechoka kubebeshwa kesi ambayo si yangu.

Tuanze na ushahidi. Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Uganda na Tanzania. Kumbuka sheria ya mashindano hayo: ukicheza ligi ya nje, hauingii. Hakukuwa na staa wa Ulaya. Ni wale wale wa ligi yetu, ligi ambayo tunaambiwa haina wenyewe. Austin Odhiambo wa Gor Mahia akawafunga DRC. Ryan Ogam wa Tusker akawafunga Moroko, na vijana wakalinda lile bao kipindi kizima cha pili wakiwa kumi uwanjani. Moroko hiyo hiyo ndiyo iliyochukua kombe mwishowe. Tukaongoza kundi, kisha Madagaska wakatutoa kwa penalti robo fainali.

Kasarani ilijaaje? Ilijaa hadi CAF wakaingiwa na baridi. Watu walivamia mageti, tukapigwa faini, na mechi ya Zambia ikaruhusiwa mashabiki 27,000 pekee. Kuvamia geti ni aibu, siitetei. Lakini mtu hawezi kunishtaki Agosti kwa kuja wengi mno, halafu Oktoba anishtaki kwa kutokuja. Achague moja.

Wachezaji ni wale wale, na mashabiki ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba kwa wiki tatu mtu aliamini hii timu ni yake. Ukitoka Kasarani ukarudi kwenye ligi, hiyo imani inaisha mlangoni, kwa sababu timu za miji yetu si za miji yetu. Sisi ni wapangaji.

Na mtu wa Kiandutu hahitaji kufundishwa maana ya mpangaji. Unaishi kwa nyumba ya mabati miaka kumi, unapaka rangi, unaweka pazia, watoto wanazaliwa humo. Siku mwenye ploti akiamua anataka kujenga gorofa, unapewa wiki mbili. Ile rangi uliyopaka haikuhesabiwa kitu.

Chukua Thika United. Ilikuwa Ligi Kuu, ikibeba jina la mji huu, na nyuma yake kulikuwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, majirani zetu wa Ruiru. Tuliiita yetu. Mwisho wa msimu wa 2018 ikashuka daraja. Nionyeshe karatasi moja inayosema Thika tulikuwa na kura katika uamuzi wowote kabla ya hapo: kocha gani, mchezaji gani auzwe, pesa gani zimebaki. Haipo. Jina lilikuwa letu na sauti ilikuwa ya wengine. Mwaka 2020 Bidco United ikapanda Ligi Kuu, na mji ukapata tena timu ya kushangilia. Nawatakia mema. Lakini hata pale jina lenyewe linakwambia mwenye nyumba ni nani, na si Thika.

Sisemi kampuni ni mbaya. Kampuni ni kampuni, kazi yake ni kuuza mafuta na maziwa, na ikitoa pesa kwa mpira ni shukrani. Nasema mdhamini amefanywa mwenye mali, na shabiki akafanywa mapambo ya jukwaani. Matokeo yake yameandikwa kwenye rekodi. Agosti 2019 SportPesa ilijiondoa, na kwa siku moja ligi, Gor Mahia na AFC Leopards zote zikabaki bila mdhamini. Mwaka huo huo SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilikosa kufika mechi tatu na ikafukuzwa ligi. Mwaka 2020 BetKing ikaja na mkataba wa shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Ilikaa msimu mmoja. Maze, hata mpangaji wa Kiandutu anakaa zaidi ya hapo.

Sasa wakubwa wanatuambia dawa ni viwanja. Hiyo wimbo tunaijua. Mwaka 2013 tuliahidiwa viwanja vitano vya kimataifa. Septemba 2017 CAF ilitunyang'anya CHAN ya 2018 kwa sababu hatukuwa tayari, ikawapa Moroko. Moroko wakaandaa, wakashinda. Leo, kwa ajili ya AFCON ya 2027, tuna Talanta kando ya Ngong Road, viti 60,000. Ni uwanja mzuri, siwezi kudanganya. Ila hebu tuangalie unalipwa na nani.

Pesa zilitafutwa kwa hati ya mkopo iliyoorodheshwa soko la hisa la Nairobi Julai 2025: karibu shilingi bilioni 44.8, miaka 15, riba ya takriban asilimia 15. Mkopo huo unategemea mfuko wa michezo wa serikali, na mfuko huo unalishwa zaidi na ushuru wa kamari. Soma hiyo sentensi mara mbili. Yule kijana wa Kiandutu anayeweka mkeka wa soo moja Jumamosi, mkeka ukachanika dakika ya tisini kwa sababu ya beki fulani wa Uingereza, ndiye anayelipia Talanta. Ndiye mwekezaji mkubwa wa michezo nchini. Lakini hana kiti, na hakuna mtu amewahi kumuuliza anataka nini.

Hesabu nyingine, ya penseli tu. Asilimia 15 ya bilioni 44.8 ni bilioni 6.7. Hiyo ni riba ya mwaka mmoja kabla deni lenyewe halijaguswa. BetKing waliahidi ligi nzima milioni 240 kwa mwaka. Riba ya mwaka mmoja wa uwanja mmoja ingelipa udhamini wa namna hiyo kwa karibu miaka 28. Tumejenga sebule ya mamilioni kwa ajili ya wageni, na jikoni hakuna unga.

Wakati huo huo shuka hapa kwetu. Kiandutu imepewa jina kutokana na ndutu, funza, wadudu wa vumbi. Kwenye vumbi hilo hilo watoto wanacheza mpira kila jioni, wengine miguu mitupu, hadi giza liwatenganishe. Ukivuka kwenda Makongeni ni hivyo hivyo. Hawaombi viti 60,000. Wanaomba ardhi sawa, magoli yenye nyavu, bomba la maji, na hakikisho kwamba mwaka ujao hapo hapatakuwa na ploti za mtu. Uwanja wa aina hiyo hauzinduliwi kwa helikopta, kwa hivyo hauna mwenyewe serikalini.

Najua nitajibiwa vipi. Nitaambiwa: Gor na Leopards ni za wanachama, na angalia madeni yao. Ni kweli. Klabu zote mbili zimewahi kufungiwa usajili na FIFA kwa sababu ya watu ambao hawakulipwa. Lakini uanachama wa kuitwa siku ya uchaguzi pekee ni sawa na kuitwa mwenye shamba na huku hujawahi kuonyeshwa hati. Shabiki anayejaza uwanja na hajui kilichokusanywa getini hajamiliki kitu. Uanachama bila vitabu vya hesabu ni bure. Basi tuuweke na vitabu.

Kwingine imefanyika, na si kwa matajiri. Ujerumani, kanuni inataka wanachama wa klabu washike zaidi ya nusu ya kura, hata mwekezaji awe na pesa za kujaza lori. Na wewe unayefuatilia Uingereza kila wikendi, mbona huulizi habari za AFC Wimbledon? Hapana, si ndugu za Ingwe. Mwaka 2002 wenye klabu ya Wimbledon waliruhusiwa kuihamisha hadi Milton Keynes. Mashabiki wakakataa kuhama. Wakaanzisha timu yao, wakafanyia majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa mtaa, wakaanzia daraja la tisa. Kufikia 2011 walikuwa wamepanda hadi ligi za kulipwa. Novemba 2020 wakarudi kucheza Plough Lane, mtaa wao wa zamani, katika uwanja mpya. Klabu bado iko mikononi mwa mashabiki.

Kwa hivyo nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

Moja, timu inayobeba jina la Thika au Ruiru isajiliwe kwa jina la wanachama, na zaidi ya nusu ya kura ibaki kwao. Mdhamini akaribishwe kama mgeni wa heshima, si kama mwenye ploti. Mbili, hakuna mkataba wa udhamini bila notisi ya msimu mzima. Ukitaka kuondoka, ondoka, lakini si katikati ya mechi. Tatu, pesa za geti zisomwe hadharani kila mwezi, pale pale uwanjani, kwa spika, shilingi kwa shilingi. Nne, sehemu ya ule ushuru wa kamari irudi ilikotoka: viwanja vya mitaa, vyenye hati, visivyoweza kuuzwa.

Watu elfu mbili wakitoa soo moja kila mwezi, hiyo ni milioni 2.4 kwa mwaka. Haitoshi kuendesha timu ya Ligi Kuu, nakubali. Lakini inatosha kuandikisha klabu, kulipa mhasibu, na kuwa na kitu cha kuwekwa mezani mdhamini anapokuja. Anayekuja kuzungumza na watu elfu mbili wenye kadi hazungumzi kama anayekuja kuzungumza na umati. Na kama hatutoi hiyo soo, basi siku hiyo nitanyamaza, na ule uongo wa kwanza utakuwa ukweli.

Mwaka 2027 una mambo mawili: AFCON na uchaguzi. Waheshimiwa watakuja Kiandutu na magunia ya jezi zenye sura zao, na kombe la wiki mbili, na mbuzi wa mshindi. Wasee, jezi chukueni, mbuzi kuleni. Lakini kabla mheshimiwa hajapanda gari, mmoja wenu ashike maikrofoni amuulize swali moja tu: baada ya fainali, vitabu vya hesabu vinabaki kwa nani?