Gemu Kongwe Ikikarabatiwa, Wenyeji Wasitupwe Nje!

Gemu kongwe ya kurushiana risasi ikitoa toleo jipya, vita ya kwanza haipiganwi ndani ya gemu. Inapiganwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wakongwe wanalia kuwa gemu yao imeharibiwa, madogo wanawajibu wakapumzike, zama zao zimepita. Safari hii moto umewaka kati ya wana wa Iringa na wana wa Mbeya, na gemu yenyewe ni Counter-Strike.

Upande wa Iringa yupo jamaa mmoja wa Kihesa, jina libaki kapuni, mtu wa Counter-Strike tangu enzi za 1.6, zile za kuunganisha kompyuta kwa waya na kupigiana kelele chumba kizima. Laptopu yake ya mtumba ina RAM ya GB 4. CS:GO alikuwa anaicheza, picha zimeshushwa mpaka chini kabisa, lakini anacheza na anaua. Upande wa Mbeya yupo dogo wa chuo anayekaa Iyunga, mwenye mashine ya maana. Yeye anasema Counter-Strike 2 ndiyo bora kuliko zote zilizotangulia, na anayelalamika ahamie makumbusho.

Nani yuko sahihi? Ukweli ni kwamba hawa wawili wanabishana juu ya vitu viwili tofauti. Dogo anaongelea gemu. Mkongwe anaongelea mlango wa kuingilia.

Tuanze na gemu. Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama kazi ya mashabiki juu ya gemu nyingine, Half-Life. Valve wakaichukua, ikatoka rasmi mwaka 2000. Toleo la 1.6 likaja 2003, CS:GO ikaja 2012, na tarehe 27 Septemba 2023 ikaingia Counter-Strike 2. Kwa gemu ya umri huo, kutokarabatiwa kabisa ni kufa polepole. Hapo dogo hajakosea.

Na ukarabati wenyewe ulikuwa na akili. Ramani za zamani ziligawanywa makundi matatu. Zile zinazopendwa sana, kama Dust2, hazikuvunjwa, zilipigwa mwanga mpya na usafi tu. Kundi la pili, kama Nuke, zikaongezewa mwanga na muonekano wa kisasa. Kundi la tatu, kama Overpass, zikajengwa upya. Mtu aliyejifunza kona za Dust2 miaka ile anaingia leo na bado anajua adui atachungulia wapi. Huo ndio ukarabati wa heshima: nguzo za nyumba haziguswi, unabadilisha bati na rangi.

Hata moshi ulibadilika vizuri. Zamani bomu la moshi lilikuwa kama pazia tu. Sasa moshi unajaza chumba, unapita mlangoni, na risasi au bomu vinaupasua kwa muda. Mechi nazo zilifupishwa. Zamani mshindi alihitaji raundi 16, sasa 13 zinatosha. Kwa mtu anayelipia kompyuta kwa saa, hiyo ni neema. Wakongwe walinuna, lakini ukiangalia bila hasira, gemu haikupoteza ladha.

Sasa tuje kwenye mlango. CS:GO kwa kiwango cha chini ilihitaji RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 15. Counter-Strike 2 inataka RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 85. Soma tena hizo namba ukiwa na laptopu ya mtumba na bando la wiki. Wenye kompyuta za Mac nao walikatwa moja kwa moja. Na hii haikuja kama gemu ya pili unayochagua kuinunua au kuiacha. Ilikalia kiti kilekile cha CS:GO. Jana una gemu yako, leo ukiwasha unakuta nyingine, nzito, na mashine yako inapumua kama lori linalopanda Kitonga.

Valve walibakiza toleo la zamani pembeni kwa anayejua kulitafuta, lakini bila kutafutiwa mechi rasmi. Gemu ya wachezaji wengi bila wachezaji wengi ni nini? Ni sawa na kuachiwa uwanja halafu mpira umehamishwa.

Vilevile vitu vingi viliachwa nyuma siku ya kwanza. Arms Race ilirudi Februari 2024. Hata kushika bunduki mkono wa kushoto, kitu ambacho wakongwe walikizoea miaka yote, kilirudi Aprili 2024. Maana yake kelele za wakongwe hazikuwa upuuzi. Kama zingekuwa upuuzi, vitu hivyo visingerudishwa.

Watu wa Mbeya wanaujua mjadala huu hata kama hawajawahi kushika mausi. Soko la Mwanjelwa lilipoungua na kujengwa jipya la kisasa, jengo lilipendeza kweli. Lakini swali lililosumbua watu halikuwa uzuri wa jengo. Lilikuwa kodi ya vizimba, na nani kati ya wale wa zamani ataweza kurudi ndani. Gemu ni hivyohivyo. Ukikarabati halafu kiingilio kikapanda, hujakarabati kwa ajili ya wenyeji. Umejengea wageni.

Kuna waliofanya vizuri zaidi, na wapo kwenye simu za watu hivi sasa. Garena walipotaka Free Fire ya kisasa, mwaka 2021 walitoa Free Fire MAX kama programu ya pembeni. Mwenye simu kali anapakua MAX, mwenye simu ya kawaida anabaki na ile ya zamani, akaunti ni moja, na wanakutana kwenye mechi ileile. Mmoja anaona majani yanapendeza, mwingine anaona majani ya boksi, lakini risasi ni zilezile. Milango miwili, sebule moja.

Call of Duty: Mobile nayo ilikuja Oktoba 2019 ikiwa na ramani za wakongwe, Nuketown na Crash, ndani ya simu. Mtu aliyekuwa hana PlayStation akapata nafasi ya kucheza uwanja aliokuwa akiusikia tu. Halafu ikaja Warzone Mobile, Machi 2024, na picha za kutisha, wachezaji 120 kwenye ramani moja, na simu zinazochemka mkononi. Mei 2025 ikaondolewa sokoni. Ile nyepesi bado ipo. Wenye masikio walisikia.

Hata hivyo, wakongwe nao wapunguze. Kuna mkongwe anayetaka kila kitu kibaki kama 2003, kisha analalamika kuwa hapati watu wa kucheza nao. Dogo wa sekondari hawezi kuvutiwa na gemu inayofanana na picha ya zamani iliyolowa mvua. Bila madogo hakuna seva zilizojaa, hakuna mashindano, na hakuna atakayeijua Dust2 miaka kumi ijayo. Tena wakongwe wengi hawakumbuki gemu jinsi ilivyokuwa. Wanakumbuka walivyokuwa wao: washkaji wa hosteli, usiku wa baridi la Iringa, hakuna anayelipa kodi. Hicho hakuna kampuni inayoweza kukirudisha kwa apdeti.

Lakini mzigo mkubwa uko kwa wenye gemu. Picha ziboreshwe, moshi upendeze, wezi wa mechi wafukuzwe. Nguzo zisiguswe. Na kabla ya kufunga mlango wa zamani, wahakikishe aliyekuwa ndani jana anaweza kuingia leo kwa mashine ileile, hata kama ataona picha mbovu. Mchezaji wa Kihesa hakuomba gemu ibaki mbaya. Aliomba asibaki nje.

Dogo wa Iyunga amecheka sana kwenye grupu. Ajue tu kwamba mashine yake ya leo nayo itakuwa ya mtumba siku moja, na toleo la tatu likija halitamuuliza hali.

Haya, wewe uko upande gani: wa Kihesa au wa Iyunga? Dondosha maoni yako hapo chini.