Dakika ya 47 iko wapi kwenye DVD?

Leo tuongee kuhusu deki za kurekodi DVD. Ndiyo, ni wachache wanaozitumia siku hizi, lakini diski zilizotoka ndani yake bado zimejaa kwenye droo zetu: harusi, ruracio, mazishi, ubatizo. Na kila familia ina swali moja: pale nyanya anapotoa baraka ni wapi?

Enzi za kanda ya VHS ulipeleka mbele ukangoja. DVD ilipoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1996 tuliahidiwa kwamba jicho la leza halifuati foleni, linaruka moja kwa moja. Ni kweli. Lakini kuruka ni kitu kimoja na kujua utue wapi ni kingine, na hapo naona watengenezaji waliacha kazi nusu.

Deki nyingi ziliweka alama za sura zenyewe kila baada ya dakika 5 au 10. Saa ndiyo iliyoamua. Nyanya akianza kuongea dakika ya 47, kitufe cha sura kinakutua dakika ya 45, watu bado wanagawiwa soda. Bonyeza tena: dakika ya 50, nyanya ameshaketi. Sasa hiyo ni sura ya nini? Sisi waandika programu tunaijua: ni hifadhidata yenye faharasa kwenye safu ambayo hakuna anayeiulizia.

Kuna njia bora ambayo wengi hawaigusi. Rimoti nyingi zina kitufe cha SEARCH au GOTO. Kibonyeze, andika 0:47:00, kisha Enter. Inawezekana kwa sababu faili za IFO kwenye diski zinaweza kubeba jedwali linalounganisha muda na mahali data ilipo. Ukitua kando kidogo usiilaumu deki. Video ya DVD kwa kawaida ni MPEG-2: picha kamili huja mara moja kwa kila kundi, na zinazofuata huhifadhi mabadiliko tu. Kwa PAL, mfumo wetu wa fremu 25 kwa sekunde, kundi halizidi fremu 15, yaani sekunde 0.6, na deki lazima ianzie penye picha kamili. Hilo nalisamehe.

Nisilolisamehe ni mpiga video aliyelipwa vizuri, akatuletea harusi ya saa 2 kwenye DVD-R bila alama hata moja aliyoiweka kwa mkono. Kwenye DVD-RAM, au DVD-RW iliyorekodiwa kwa mfumo wa VR, alama unaweza kuongeza au kufuta hata baadaye. DVD-R ikishafungwa, basi. Dakika chache za kazi kabla ya kuifunga zingetosha.

Kwa hiyo ukiihamishia kwenye kompyuta (na usichelewe, rangi ya diski za kuchoma huharibika), usiishie kunakili tu. Faili ya MKV inakubali sura zenye majina, si namba tupu. Andika "Baraka za nyanya, 0:47:12". Na uifanye kazi hiyo shangazi akiwa karibu, maana yeye ndiye anayejua yule mzee wa kofia anayeongea baada ya nyanya ni nani.