AJALI YA MOTO INA KINGA

Wafanyakazi wanapoteketea kwa moto kazini, mara nyingi neno la kwanza la faraja ni hili: "Ajali haina kinga." Sisi hatuwezi kulikubali. Moto waweza kuzuka pasipo kutarajiwa, lakini mlango uliotiwa kufuli huku watu wakiwa ndani haukujifunga wenyewe.

Tarehe 25 Machi 1911, katika kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York, walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Katika ghorofa ya tisa, mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa, kwa sababu wenye kiwanda walichelea wizi. Tarehe 10 Mei 1993, huko Thailand, wafanyakazi 188 walikufa katika kiwanda cha vinyago vya watoto cha Kader. Huko nako milango ilikuwa imefungwa. Tarehe 24 Novemba 2012, karibu na Dhaka, nchini Bangladesh, walikufa watu wasiopungua 112 katika kiwanda cha Tazreen. Kengele ya hatari ililia, lakini wasimamizi wakawaamuru wafanyakazi warudi kwenye cherehani zao.

Mwenye mali anayo haki ya kuilinda. Aweke mlinzi, ahesabu bidhaa zake. Lakini hana haki ya kuilinda kwa kuhatarisha uhai wa wengine. Anayewafungia wafanyakazi wake amekwisha kuwahukumu kuwa wezi, na moto ukizuka hukumu hiyo hugeuka kuwa ya kifo.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, na Kenya tangu mwaka 2007. Zote mbili zinamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi na hatari za kazini. Hata hivyo, sheria iliyo kabatini haimfungulii mlango mfanyakazi wa zamu ya usiku. Hatuna budi kuitimiza kwa matendo, iwe ni kiwandani, ghalani, dukani, au jikoni mwa shule.

Pawe na njia za kutokea zisizopungua mbili, zisizozibwa na mizigo, na milango ifunguke kutoka ndani bila ufunguo. Mafuta, pamba na karatasi visirundikwe karibu na ngazi. Mitungi ya kuzimia moto ikaguliwe, na wawepo watu wa kila zamu wanaojua kuitumia. Wajue pia kwamba moto wa umeme au wa mafuta hauzimwi kwa maji. Watu wafanye mazoezi ya kutoka, wakusanyike mahali palipopangwa, na wahesabiwe kwa majina. Penye moshi, watu watambae, maana hewa iliyo safi zaidi hubaki chini. Zaidi ya yote, kengele ikilia, kila mtu aache kazi na kutoka, wala asikatwe mshahara kwa sababu hiyo.

Tunawaomba viongozi wa walei, waajiri na wafanyakazi waulizane swali moja wiki hii: moto ukizuka saa nane za usiku, ufunguo uko kwa nani? Ikiwa uko nyumbani kwa meneja, basi maandalizi bado hayajaanza, na yaanze kwa kuondoa kufuli hilo.