Aliyevaa Sare ya Mjerumani ni Nani?

Ipo tabia miongoni mwetu ya kuitazama picha ya Mwafrika aliyepigana upande wa Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918, kutamka "askari wa Mjerumani", kisha kufunga mazungumzo. Wengine huona aibu, wakataka picha ifichwe. Wengine husifu, wakirudia hadithi ya askari mtiifu aliyempenda bwana wake. Wote wamekosea, kwani hawakuisoma picha yenyewe.

Sare husomwa kama maandishi. Mzungu wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni la Ujerumani, alivaa helmeti ya jua, au kofia pana ya kijivu iliyokunjwa ukingo wa kulia na kubanwa kwa beji nyeusi, nyeupe na nyekundu. Askari Mwafrika alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye pazia la kukinga shingo, na mbele yake tai wa chuma. Tepe za mkononi zilionyesha cheo. Rangi ya kaki peke yake si ushahidi, maana askari wa Waingereza nao waliivaa. Tena, kadiri vita vilivyoendelea, nguo ziliadimika, na askari wa Mjerumani wakavaa walizoziteka kwa adui.

Lakini kuitambua sare siko kumtambua mtu. Jeshi hilo lilianza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani huko Misri na vijana wengine kutoka Msumbiji. Baadaye waliingia Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Tai alikuwa wa Kaisari. Kichwa kilichombeba kilikuwa cha Mwafrika.

Wanaosimulia habari za utiifu wanamvika marehemu kilemba cha ukoka. Hadithi hiyo ilienezwa Ujerumani baada ya 1918 na watu waliotaka kurudishiwa makoloni. Askari alikuwa na mshahara, cheo na sababu zake mwenyewe. Wala tusiitakase sare yake: ndiyo iliyovaliwa na waliowakandamiza wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905 hadi 1907, wakachoma vijiji na mashamba hata njaa ikaua watu wengi. Je, kwa hiyo tuifiche picha? Hasha! Kuificha ni kumwachia mkoloni kazi ya kutusimulia habari zetu.

Tuwaulize pia wasiomo pichani. Majeshi yote mawili yalitembea juu ya mabega ya wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Mpagazi hakupewa sare ya kujivunia, na ni nadra kumwona amepigwa picha peke yake.

Basi mwalimu atakapoileta picha ya namna hii darasani, na aulize maswali matatu. Kofia yasema ni jeshi gani? Tepe zasema ni cheo gani? Mtu huyu aliitwa nani, na kwao ni wapi? Mawili ya kwanza hujibiwa na nguo. La tatu halijibiwi na tai wala tepe, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika picha nyingi za wakati ule, ofisa wa Kizungu aliandikwa jina lake. Mwafrika aliyesimama kando yake aliandikwa "askari" tu. Tukiendelea kumwita hivyo, tutakuwa tumeinakili kazi ya mkoloni kwa mkono wetu wenyewe.